Risasi zilizolowa maji ya Manza

Wadau, ukipita Korogwe kwa basi la Arusha unaona mkonge, unaona reli ya zamani, unalala tena. Reli hiyo ndiyo Waingereza walioifuata kushuka kutoka Moshi mwaka 1916. Katikati ya Juni walikuwa Korogwe, na siku chache baadaye wakaingia Handeni. Shuleni tulifundishwa majina ya majenerali, Smuts na von Lettow-Vorbeck. Risasi hakuna aliyetuambia habari zake.

Vita ilipoanza 1914, kampuni nyingi za askari wa Mjerumani zilikuwa na bunduki ya mwaka 1871. Kichwa cha risasi yake kilikuwa cha milimita 11 na uzito wa gramu 25 hivi, baruti yake nyeusi. Bunduki mpya ya Kijerumani ilirusha kichwa cha gramu 10 kwa kasi karibu mara mbili, tena bila moshi. Kile kizito kilivunja mfupa vizuri sana, lakini kila ukipiga, wingu jeupe linamwonyesha adui ulipolala. Afisa wa Kizungu anaandika kumbukumbu zake; askari wa Kinyamwezi ndiye anayelengwa kwenye moshi.

Ndiyo maana ushindi wa Tanga, Novemba 1914, ulikuwa na thamani kubwa kwa Wajerumani: waliokota bunduki za kisasa 455, rashasha 16 na risasi 600,000.

Aprili 1915 ikaja meli Rubens, ikijifanya ya Denmark. Manowari Hyacinth ikaikuta kwenye Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaipiga. Meli ikakaa kwenye maji mafupi, Waingereza wakaondoka wakidhani kazi imekwisha. Watu wakazamia, wakatoa bunduki na mamilioni ya risasi zilizolowa chumvi. Zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, fataki zikajaribiwa. Hebu fikiria kazi hiyo, kwa mikono!

Kisha zikachambuliwa. Nzuri zikawekewa rashasha, za wastani bunduki za kawaida, mbovu zikawa za mazoezi.

Kwa nini rashasha kwanza? Mwenye bunduki ya kawaida risasi ikigoma anavuta komeo, anaitoa, anaweka nyingine. Rashasha ya Maxim hujiendesha kwa msukumo wa risasi yenyewe: moja isipolipuka, mkanda wote unasimama. Bastola ya kujipakia ina tabia hiyohiyo. Kichwa kikiwa chepesi kuliko ilivyotengenezewa, au baruti ikiwa dhaifu, msukumo hautoshi, ganda linakwama, na mwenye bastola anabaki ameshika chuma. Zile sinema za shujaa anayeokota risasi yoyote na kuendelea kupiga, tuziache hukohuko.

Mimi kinachonigusa ni yule askari wa mstari wa mbele njia ya Handeni, aliyepewa fungu la wastani. Anavuta kifyatulio, kimya. Mbele yake wanakuja watu wenye risasi kavu.

Wajerumani wakaendelea kurudi kusini. Novemba 1917 walivuka Ruvuma na kuteka silaha za Wareno pale Ngomano. Von Lettow aliposalimisha jeshi lake Abercorn, leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, alikabidhi bunduki 1,071. Zilikuwa za Kiingereza na Kireno.