Habari za Kungoja: Jinsi Mungu Alivyokaribishwa katika Nchi ya Unyamwezi

 Katika kitabu hiki cha yubilei mtasoma habari nyingi za makanisa yaliyojengwa, za shule, na za maaskofu waliotutangulia. Sisi wa Usoke twataka kuongeza habari moja isiyoonekana kwa macho kama matofali yaonekanavyo, nayo ni habari ya kungoja. Maana kabla kanisa halijajengwa, walikuwapo watu waliotamani. Na kabla Bwana hajakaribishwa altareni, alikaribishwa kwanza mioyoni. Neno letu ni hili: imani ya nchi hii haikuletwa tu na waliokuja, bali ilishikwa na waliongoja, na kungoja kwao kulikuwa kazi, wala hakukuwa kukaa bure.

1. Nchi ya njia

Usoke iko magharibi ya Tabora, katika reli iendayo Kigoma, kabla ya kufika Urambo. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Lakini kabla ya garimoshi nchi hii ilikuwa nchi ya miguu. Kutoka Bagamoyo hata Tabora ni mwendo wa kilometa 800 na zaidi, na misafara ilitumia kama miezi mitatu; tena kutoka Tabora njia iliendelea upande wa machweo hata Ujiji. Wazee wetu walikuwa wapagazi mashuhuri kuliko wote. Mavuno yakiisha, vijana walifunga safari kwenda pwani na pembe za ndovu, kila mtu na mzigo wa frasila mbili hivi, ndiyo kama kilo 30. Wakarudi na nguo na shanga kabla ya mvua za kulima.

Basi nyuma yao walibaki mama, wake na watoto. Hapakuwa na barua wala simu. Mwenye kungoja hakujua siku wala saa, hata hakujua kama mtu wake yu hai. Msafara ulipokaribia, zilisikika ngoma na pembe na mlio wa bunduki, na kirangozi alionekana mbele ameshika bendera. Siku ile haikuwa siku ya kuanza kujitayarisha. Aliyengoja kweli alijulikana mara moja: nyumba yake imefagiwa, unga upo, na mtungi umejaa maji. Aliyesahau alijulikana vilevile.

Wala tusifiche ya kwamba njia hiyo hiyo ilipita watu waliofungwa minyororo. Walikuwamo watoto waliotekwa mbali sana, ambao hawakuwa na nyumba ya kurudia katika nchi hii. Habari zao tutazisoma hapa chini, kwa kuwa Mungu hakuwaacha.

Na Mungu mwenyewe, je, wazee walimngoja? Walimjua kwa majina. Walimwita Likube, wakamwita Limatunda, ndiye Muumba, wakamwita na Liwelelo. Lakini katika shida za kila siku walikwenda zaidi penye vibanda vidogo vya mizimu, wakawaomba waliokufa. Walijua kwamba Mungu yupo. Ila hawakuwa wamesikia bado kwamba yu njiani kuwajia.

2. Mwaka 1878

Kardinali Lavigerie alianzisha Shirika la Mapadre Weupe huko Algiers mwaka 1868, zamani hajawa kardinali. Mwezi Juni mwaka 1878 wana wake wa kwanza waliondoka Bagamoyo kuja bara. Mmoja wao, Padre Pascal, akafa njiani mwezi Agosti, asiione Tabora. Wenziwe wakafika, wakagawanyika: wengine wakashika njia ya Ujiji, na wengine, pamoja na Padre Livinhac, wakapita Usukuma kwenda Nyanza hata Buganda. Mizigo yao yote ilichukuliwa na wapagazi. Hivyo vyombo vya Misa vilipita katika nchi yetu juu ya mabega ya watu wasiojua bado Misa ni nini. Tukumbuke jambo hili katika yubilei, maana nao walimtumikia Bwana pasipo kumjua.

Baada ya miaka michache mapadre wakafungua kituo Kipalapala, karibu na Tabora, wakawalea watoto waliokombolewa utumwani. Lakini mwaka 1889, kwa sababu ya hatari za siku zile, ikawapasa kupaacha. Misioni ya Ushirombo ikafunguliwa mwaka 1891, na Ndala mwaka 1896. Tabora yenyewe ilingoja hata mwaka 1900. Hesabuni: ni miaka 11 tangu kuondoka Kipalapala. Yubilei hupenda kuhesabu miaka ya kupata; yafaa kuhesabu na miaka ya kukosa.

3. Waliobaki pasipo padre

Yaliyotokea Buganda yanatuhusu sana, maana mapadre wa huko ni wale wale waliopita Tabora. Tarehe 27 Machi 1880, Jumamosi Kuu, walibatiza watu wanne wa kwanza. Kisha mwezi Novemba mwaka 1882 walilazimika kuondoka, wakavuka ziwa wakakaa Bukumbi katika Usukuma. Wakristu wa Buganda walibaki wachache, wachanga katika imani, hawana Misa wala Komunyo. Mtu angedhani kwamba moto ule mdogo utazimika.

Haukuzimika. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwakusanya vijana wa ikulu, akawafundisha na kuwaonya. Andrea Kaggwa alifundisha penye nyumba yake, na Matiya Kalemba alifanya vivyo hivyo huko Mityana. Hawa walikuwa wamebatizwa mwaka 1882 tu, mwaka ule ule wa kuondoka mapadre. Mapadre waliporudi mwezi Julai mwaka 1885, walikuta kundi limeongezeka, na watu wengi wanaomba ubatizo.

Miezi michache baadaye ukaja udhia. Balikuddembe aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Alikuwapo katika ikulu kijana mdogo, jina lake Kizito, aliyeutamani ubatizo sana. Karoli Lwanga akambatiza yeye na wenziwe wachache tarehe 26 Mei 1886. Na tarehe 3 Juni wakafa kwa ajili ya Yezu Kristu huko Namugongo. Kizito alimngoja Bwana kwa muda mrefu, akaishi Mkristu kama siku nane tu. Tuulizane: ni nani aliyempokea Bwana vema zaidi, yeye mwenye siku nane, au sisi wenye miaka arobaini?

4. Miaka minne mlangoni

Sasa turudi kwetu. Lavigerie aliagiza kwamba mtu mzima asibatizwe upesi, bali ajaribiwe na kufundishwa muda wa miaka minne: miwili ya kuomba, na miwili ya ukatekumeni. Alifuata desturi ya Kanisa la karne za kwanza. Hata mafundisho yalitolewa kwa daraja. Kwanza mtu alifundishwa kwamba yupo Mungu mmoja, Muumba na Hakimu. Kisha habari za Yezu Kristu. Na fumbo la Ekaristi aliwekewa hata mwisho. Katika Misa wakatekumeni walisikiliza mahubiri, kisha walitoka nje, na waliobatizwa wakabaki.

Ndugu, fikirini maana ya kutoka nje kwa miaka miwili. Mtu yule alisikia kengele ya mageuzo akiwa uani. Alijua kwamba ndani yupo Mmoja amtamaniye, naye hajaruhusiwa bado kumkaribia. Wengine walichoka wakarudi nyumbani. Wengine walikuwa na wake wawili, na sharti la kubaki na mmoja likawashinda. Tusiwacheke, maana lilikuwa jambo la machozi katika nyumba nyingi, na wake walioachwa nao waliumia. Lakini waliodumu hata mwisho hawakuichukua Komunyo kama mtu achukuavyo chakula cha kila siku mezani. Waliipokea kama mgeni aliyengojwa miaka minne.

Aliyewashika mkono katika miaka hiyo alikuwa katekista. Padre mmoja alikuwa na nchi kubwa, asiweze kufika kila mji. Katekista aliwafundisha sala kwa kurudiarudia neno kwa neno, akawazuru wagonjwa, akawabatiza waliokuwa kufani. Katika hao tumtaje Adriani Atiman. Alizaliwa upande wa mto Niger, akatekwa angali mtoto, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe. Alisomeshwa utabibu Malta, akafika Karema kwenye ziwa Tanganyika mwaka 1889, akafanya kazi ya tabibu na katekista hata kufa kwake mwaka 1956, miaka 67. Mtoto aliyenyang'anywa nyumba yake aliwafungulia wengine nyumba ya Mungu.

Na mji wa Tabora umeona wengine waliongoja. Julius Nyerere alisoma shule ya serikali Tabora tangu mwaka 1937 hata 1942. Akabatizwa tarehe 23 Desemba 1943, mtu mzima wa miaka 21, siku mbili kabla ya Noeli. Baadaye akarudi Tabora kuwa mwalimu katika shule ya St. Mary's. Hakurithi ubatizo kwa wazazi wake, aliuomba mwenyewe.

5. Njaa ya waliofunga

Vikaryati ya Unyanyembe iliitwa Tabora mwaka 1925, ikawa Jimbo Kuu mwaka 1953, na mwaka 1960 ikampata Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika, Marko Mihayo. Hayo ni matunda makubwa, nasi twamshukuru Mungu. Lakini lipo jambo jingine la mwaka 1953 ambalo vijana hawalijui. Kabla ya mwaka ule, atakaye kupokea Komunyo alifunga tangu usiku wa manane, asile kitu, wala asinywe hata maji. Baba Mtakatifu Pius XII aliruhusu maji mwaka 1953. Mwaka 1957 akapunguza kufunga kuwe saa tatu. Na mwaka 1964 Paulo VI akaweka saa moja. Wazee waliokaa mbali na misioni walitembea gizani katikati ya miyombo, na kiu kooni, wapate kufika penye Misa. Mwili wao wenyewe ulijifunza neno hili: Bwana kwanza.

Hatusemi kwamba sheria ya zamani irudishwe. Kanisa ni mama, lilijua kwa nini limepunguza. Twasema kwamba mzigo ulipopunguzwa mwilini, hamu haikupasa kupunguzwa moyoni. Vipo vigango hata leo ambavyo padre havifikii kila Jumapili. Huko waamini husali na katekista, husikiliza Neno, hufanya Komunyo ya tamaa, na kurudi nyumbani wakiuliza padre atakuja lini. Na karibu na makanisa makubwa, ambamo taa huwaka mbele ya tabernakulo usiku na mchana, wako wakaao hatua mia tu na hawaingii. Ni kanisa lipi kati ya hayo mawili lililo maskini?

6. Ombi letu

Enyi walimu wa dini, msiyafanye mafundisho ya ukatekumeni kuwa darasa la kumaliza. Msimwulize mwanafunzi tu kama amejua majibu. Mwulizeni kama anamtamani yule ambaye majibu yanamtaja. Enyi wazazi, waonyesheni watoto jinsi ya kuingia kanisani kimya, kupiga goti, na kumwamkia Mwenye nyumba kabla ya kuwaamkia jirani. Nanyi wa vigango, msijihesabu kuwa wa mwisho. Ninyi mwashika kazi ile ile ya Wakristu wa Buganda katika miaka ile mitatu, na ya wakatekumeni wa kwanza uani.

Wale wafuasi wawili wa Emau walimkaribisha mgeni wa njiani jioni, wasimjue. Na kwa kuwa walimsihi akae, walimtambua mezani. Sisi tu wana wa njia. Wazee wetu walijua kufagia nyumba na kujaza mtungi kwa ajili ya msafiri asiyejulikana siku yake. Ee Yezu, Mwana wa Mungu, utujie katika nyumba zetu za Unyamwezi, utukute tumefagia. Na pale tulipochoka kungoja, wewe usichoke kuja. Amina.