Sunday Manara

Sunday Manara, maarufu kwa jina la utani la Kompyuta, ni mchezaji wa zamani wa klabu ya soka ya Yanga na timu ya taifa ya Tanzania. Hutajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya.

Jina lake lilikulia Kariakoo, Dar es Salaam, mahali ambapo makao ya Yanga, mitaa ya Jangwani na Twiga, na yale ya watani wao Simba, Mtaa wa Msimbazi, yako umbali wa kutembea kwa miguu. Tarehe 10 Agosti 1974, watani hao walikutana Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kuamua bingwa wa taifa. Adam Sabu aliitanguliza Simba, Gibson Sembuli akasawazisha dakika za mwisho, kisha Manara akafunga la ushindi katika muda wa nyongeza: 2-1. Miezi michache baadaye, Januari 1975, yeye na Sembuli walifunga tena, Yanga ikiichapa Simba 2-0 Zanzibar katika fainali ya klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati. Ni mabao ambayo wazee wa Yanga hawajaacha kuyasimulia, na wana haki.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 alijiunga na Heracles ya Almelo, Uholanzi, iliyokuwa daraja la pili. Daraja hilo halipunguzi uzito wa safari yake, kwani hakuwa na Mtanzania wa kumwonyesha njia. Baadaye alicheza New York Eagles ya Marekani, Austria na Dubai. Kaka yake Kitwana naye aling'ara Yanga. Mwanawe, Haji, aliwahi kuwa msemaji wa Simba na kisha Yanga.