Miguu ya Unyamwezi na swali la mtahini

Mtahini hana nia mbaya. Kinasa sauti kimewashwa, saa ipo mezani, na kwa sauti ileile aliyomtumia mtu aliyetangulia anauliza: je, wewe hutembea sana kwa miguu? Utotoni ulikuwa ukitembea? Watu wa siku hizi wanatembea kuliko wa zamani? Mtahiniwa wangu, mtoto wa Kaliua aliyekwenda shule kwa mguu miaka saba, anajibu kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba hupenda kutembea jioni bustanini na mbwa wake, kwa kuwa humwondolea msongo wa mawazo.

Bustani ipi? Mbwa yupi?

Nafundisha Kiingereza hapa Tabora. Nilistaafu utumishi wa serikali, na sasa nawaandaa wauguzi, wafamasia na vijana wanaoomba vyuo vya nje kwa ajili ya mtihani wa IELTS, ambao huenda kuufanyia Dar es Salaam. Majibu ya bustani na mbwa huyaokota kwenye vitabu vya mazoezi, na mimi yananiudhi kuliko makosa ya sarufi. Sina ugomvi na uongo wenyewe. Mtihani ule haupimi ukweli. Unapima ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi, basi. Ukitaka kusema babu yako alikuwa rubani, sema. Ila mtu anayesimulia asichokijua hukauka baada ya sentensi tatu, na hapo ndipo maksi zinapoponyoka. Kwa hiyo kabla sijawafundisha namna ya kujibu, huwasomesha historia kidogo. Wengine hulalamika kwamba hawakulipia historia.

Huanza na mtihani wenyewe. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianzisha mtihani wake wa Kiingereza kwa wageni mwaka 1913. Ulikusudiwa hasa kwa wale waliotaka kuwa walimu wa Kiingereza, na ulikuwa na tafsiri, sarufi, insha, fasihi na fonetiki, kisha imla, kusoma kwa sauti na mazungumzo. Waliojitokeza mwaka ule walikuwa watatu, na hakuna aliyefaulu. Wanafunzi wangu hulipenda sana jambo hili. IELTS yenyewe ilikuja 1989, na tangu 2001 sehemu yake ya kuzungumza imekuwa na hatua tatu ndani ya dakika 11 hadi 14: maswali mepesi ya maisha yako, kadi yenye mada unayoizungumzia hadi dakika mbili baada ya kupewa dakika moja ya kujiandaa, kisha mjadala. Swali la kutembea ni la hatua ya kwanza. Limewekwa pale kwa kuwa linaonekana jepesi: kila mwenye miguu ana la kusema.

Lakini kutembea bila shughuli, kwenda na kurudi bila kubeba wala kufuata kitu, hata kwa Waingereza kuna historia, na si yote ya amani. Washairi kama Wordsworth walikata maili nyingi kwenye vilima vya kaskazini, sawa. Wafanyakazi wa viwanda vya Manchester nao walitaka hewa hiyohiyo siku ya Jumapili, wakakuta vilima vimefungwa, vimehifadhiwa kwa ajili ya mabwana kuwinda ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia yao walipanda Kinder Scout kwa makusudi, wakapambana na walinzi wa mashamba yale. Vijana watano walifungwa. Benny Rothman, makanika mwenye miaka 20, alipewa miezi minne. Sheria ya hifadhi za taifa ilipitishwa 1949. Kwa hiyo ile bustani ya vitabu vya mazoezi nayo ina watu walioipigania, na ningemheshimu mtahiniwa ambaye angelijua hilo kabla ya kuiazima.

Sisi hatuna haja ya kuazima. Tabora imejengwa na miguu.

Karne ya kumi na tisa, kabla ya reli, kila pembe ya ndovu iliyotoka bara kwenda Bagamoyo, na kila mtumba wa merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba uliopanda huku, ulipita juu ya bega la mtu. Wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee, na juu yake mpagazi aliongeza vya kwake: mkeka, chungu, silaha, chakula. Mnyamwezi alibebea begani, si kichwani, na wageni waliandika kuhusu sugu za mabega yale. Wabeba pembe walijiona ndio wakubwa wa msafara. Walifunga kengele kwenye ncha ya pembe, nayo ikawa inalia njia nzima. Wageni haohao waliandika pia kwamba kijana wa Unyamwezi hakuhesabiwa mtu mzima mpaka awe amefika pwani na kurudi. Kazi hii ilikwenda na majira: kiangazi safarini, mvua zikikaribia watu hurudi kulima. Hawakuwa watumwa, ingawa misafara mingi iliburuta watumwa pia. Walipatana ujira, waligoma, na mambo yakiharibika walitua mizigo na kuondoka usiku.

Siku ya msafara ilianza kabla jua halijachomoza. Kirangozi, kiongozi wa njia, alitangulia, amevaa joho jekundu, kichwani manyoya, mkononi bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar, na nyuma yake mpiga ngoma. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Nyuma walifuata wapagazi mmoja mmoja, maana njia ilikuwa ya upana wa mguu tu, kisha wanawake na watoto. Sehemu hii ya wanawake huwa naikazia, kwa sababu vitabu vingi huipita mbiombio. Wake wa wapagazi walitembea safari nzima wamebeba vyungu na majembe, na jioni, wanaume wakijinyoosha, wao ndio walioanza kutafuta kuni na maji. Jua likishakuwa kali, kabla ya adhuhuri au punde baada yake, msafara ulipiga kambi. Kilomita 15 ilikuwa siku nzuri. Bagamoyo mpaka hapa, kama mambo yamekwenda vizuri, ilikuwa miezi mitatu hivi.

Palikuwa na mahali ambapo ratiba hiyo ilivunjwa, nami hupenda kuwachorea wanafunzi ubaoni. Ukitoka Mpwapwa kuelekea Ugogo kuna uwanda wa Marenga Mkali, usio na maji ya kunywa. Ukianza alfajiri kama kawaida, jua la mchana litakukuta katikati na kibuyu kitupu. Dawa yake ilikuwa tirikeza: watu walikula na kunywa asubuhi, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana jua likiwa limeanza kulegea, wakatembea mpaka giza, wakalala bila maji, wakaamka usiku usiku na kuyafikia maji siku ya pili kabla joto halijawamaliza. Yaani badala ya michana miwili ya kiu waligharimia usiku mmoja na nusu ya mchana. Hesabu hiyo ilifanywa na watu ambao hatuna majina yao, na wazungu walioandika vitabu vya safari zao za njia hii waliivuka Marenga Mkali kwa hesabu hiyo. Ng'ambo walikutana na watemi wa Ugogo, wenye visima, wakidai hongo kabla mtu hajachota. Wasafiri wa Kizungu waliita unyang'anyi. Mimi naona mwenye kisima kwenye nchi kavu ana haki ya kuuza maji yake.

Majina machache tunayo. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji wetu, mpaka Agosti 1872, akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Walipofika alielekea kusini, na Mei 1873 akafa kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao kadhaa, akiwamo Halima aliyekuwa mpishi wake, waliutoa moyo na matumbo, wakavizika chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga ndani ya gome la mti na turubai. Kisha wakaanza safari ya kurudi pwani. Oktoba walipita hapa Tabora, wakamkuta Luteni Cameron, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia marehemu, naye akawashauri wauzike hapahapa. Walikataa. Mbele kidogo wenyeji walipinga maiti kupitishwa kwenye nchi yao. Susi na Chuma wakafunga mzigo wa uongo, wakawatuma wenzao waurudishe Tabora kama vile ndio maiti, nao wakaufunga mwili wenyewe kama robota la kawaida la nguo na kusonga mbele. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Aprili mwili ukazikwa Westminster Abbey. Katika wale wabebaji, aliyekuwapo mazishini ni Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kaburi limekwisha kufunikwa.

Huwa nawaambia wanafunzi: hiki ndicho kisa cha kumjibu Mwingereza akikuuliza habari za kutembea. Wengi wanajua jina la Livingstone. Wachache wanajua aliyembeba.

Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kazi ya upagazi kwenye njia hii ikafa ghafla. Ilifufuliwa kwa nguvu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipoanza. Pande zote mbili zilikamata watu wabebe risasi na unga porini, na makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni mabaki ya kambi na majina ya kikosi chao. Baadaye ikaja zamu ya manamba, vijana waliotoka huku kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga. Mwanzoni wengi walikwenda kwa mguu, baadaye kwa malori na treni za kampuni za kuajiri.

Mwaka 1967 kutembea kukawa siasa. Baada ya Azimio la Arusha vijana waliandamana kwa mguu kutoka mikoani kuliunga mkono, na mmoja wao, Seti Benjamin, alifia njiani. Oktoba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitoka Butiama hadi Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU, zaidi ya kilomita 200, vumbi na mvua. Wazee hapa bado wanabishana nani alimudu mwendo wake. Nakumbuka zaidi miaka ya mwanzo ya 1980, mafuta yalipokuwa adimu na magari binafsi yakapigwa marufuku barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Wenye magari, mabwana wa idara kabisa, ukawakuta wanarudi kanisani kwa mguu suti begani, wakisalimiana na watu ambao wiki nzima waliwatimulia vumbi. Sijui kama uchumi uliokoka. Salamu ziliongezeka.

Mwaka huu nina mwanafunzi mmoja, muuguzi wa kituo cha afya upande wa Urambo. Wiki ya kwanza naye alinipa bustani. Nikamwuliza, mwanangu, kazini kwenu mnakwendaje kwa wagonjwa wa mbali? Akacheka. Akasema, "Mwalimu, hiyo nayo ni kutembea? Hiyo ni kazi."

Kila mwezi wana siku ya huduma ya mkoba. Pikipiki ya kituo ikiwa mbovu, na huwa mbovu, yeye na mwenzake huondoka alfajiri. Mmoja anabeba sanduku la chanjo lenye vipande vya barafu, mwingine mizani ya kuning'iniza, visuruali vyake, rejista na kalamu. Barafu ndiyo inayopanga mwendo: ikiyeyuka kabla hawajamaliza, chanjo zinaweza kuharibika. Wanajua mti gani una kivuli cha kutosha kuweka sanduku, na tawi gani litahimili mtoto wa kilo kumi anayerusha mateke. Masika kuna mto wa kuvuka, na sanduku huwekwa kichwani.

Nikamwambia hayo yote yanatafutiwa Kiingereza. Tulikaa mchana mzima tukitafuta: kuyeyuka, kuning'inia, tawi, kuvuka maji yaliyofika kiunoni. Kichwani mwake yalikuwamo yote kwa Kiswahili na Kinyamwezi, ila hakuna kitabu cha mazoezi kilichowahi kumwuliza. Kuhusu wakati uliopita bado anateleza, na sauti za "r" na "l" zinabadilishana zamu, lakini sentensi zimeanza kufuatana bila kusukumwa.

Jumamosi iliyopita nilimpa kadi: eleza safari ya mguu unayoikumbuka. Dakika moja ya kujiandaa aliandika maneno manne tu kwenye karatasi, nami nikafurahi, maana wanaojaza karatasi huishia kuisoma. Akaanza alfajiri, kituoni, pikipiki inapigwa kiki na haiwaki. Akasimulia mwenzake alivyosahau rejista wakarudi. Dakika mbili zilipotimia nikamkatiza katikati ya sentensi, kama mtahini atakavyofanya, na alikuwa hajafika hata mtoni. Nikamwambia mara nyingine aanzie mtoni.