Samaki Aliyeletwa Milimani

Msomaji, ukiwa mwenyeji wa Kitengela au Kajiado, mito uijuayo si mito ya kuvulia samaki kwa starehe. Mto Kitengela hujaa ghafula mvua inyeshapo, ukanguruma siku mbili tatu kwa maji ya rangi ya udongo, kisha hurudia kuwa madimbwi na mchanga. Mbagathi, ushukao kutoka upande wa Ngong na kupita mpakani mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, huwa na maji siku nyingi zaidi. Lakini ni maji ya vuguvugu, yaendayo taratibu kuungana na Athi. Kambare huweza kuishi humo, maana kambare hastahimili matope tu, bali huyapenda. Samaki aitwaye trauti hayumo, wala hawezi kuwamo. Walakini habari zake nataka kukueleza, kwa kuwa historia ya samaki huyo inaigusa nchi ya Kajiado kuliko udhanivyo.

Kwanza umjue ni samaki wa namna gani. Trauti hupenda maji yenye baridi ya nyuzi 10 hadi 18 hivi. Yakifika nyuzi 25 huanza kufa. Sababu yake ni kwamba maji ya baridi hushika oksijeni nyingi kuliko maji ya moto, na maji yapigayo mawe na kuanguka katika maporomoko huchanganyika na hewa zaidi. Tena jike hutaga mayai yake ndani ya changarawe safi, ili maji yapite katikati yake. Matope yakitanda juu ya changarawe hiyo, mayai hukosa hewa yakaharibika. Basi katika nchi yetu iliyokatwa na mstari wa ikweta, samaki huyu ana mahali pachache pa kukaa: mito ya juu ya Nyandarua, ya Mlima Kenya, na ya nyanda nyingine chache zilizo juu sana. Ukishuka naye bondeni umemuua.

Hapo kale hakuwako hata huko juu. Mito ya Nyandarua ilikuwa na maji maangavu, na kaa wa mitoni, na wadudu tele. Lakini samaki wa kuvuliwa kwa mshipi hawakuwako. Wakikuyu waliokaa chini ya misitu ile hawakuwa wala samaki, na Wamaasai vilevile, kwa hiyo hakuna aliyeona upungufu wowote. Walioona upungufu ni Waingereza walioanza kuja kulowea mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu ahamiapo nchi ya mbali hutamani kuvikuta huko vitu vya kwao, na wao walipoyaona maji yale ya baridi waliona kama mito ya Scotland iliyosahauliwa kutiwa samaki.

Kumsafirisha trauti mzima safari ya wiki kadhaa baharini hakukuwezekana. Siri ilikuwa katika yai. Yai la trauti likikaa katika maji ya nyuzi 10 huanguliwa baada ya wiki sita hivi. Likikaa katika nyuzi 5 muda huo huongezeka karibu maradufu. Na likikaribia barafu huchelewa zaidi. Kumbe baridi huweza kulilaza yai bila kuliua! Jambo hili lilijaribiwa kwa safari ndefu kweli kweli mwaka wa 1864, merikebu iitwayo Norfolk ilipochukua mayai ya trauti na ya samaki mwenzake, samoni, kutoka Uingereza mpaka Australia. Yalipangwa katika masanduku, yakafunikwa mimea laini ya majimaji iotayo juu ya miamba, yakawekwa chini ya shehena ya barafu. Safari ilichukua karibu miezi mitatu, na bado mengine yalianguliwa katika kisiwa cha Tasmania. Tangu siku hiyo trauti akawa msafiri wa dunia: New Zealand, Afrika Kusini, India, akifuata kila mahali walipokwenda Waingereza.

Kwetu alikuja mwaka wa 1905. Aliyemleta ni Ewart Grogan, mtu aliyekuwa amekwisha kujipatia sifa kwa kusafiri kutoka Cape mpaka Cairo kati ya 1898 na 1900. Mayai yalitoka Loch Leven, ziwa la Scotland. Yalivuka bahari hadi Mombasa, yakapanda gari la moshi la reli iliyokuwa imefika Kisumu miaka minne tu kabla yake, na mwisho wa safari, palipokuwa hapana njia ya gari, yalikwenda juu ya vichwa vya wapagazi mpaka mto Gura, Nyandarua. Majina ya wapagazi hao hayakuandikwa, ijapokuwa ni wao waliokuwa na kazi ya kuhakikisha sanduku halipigwi na jua. Mayai yakaanguliwa, samaki wakakua, wakazaana, na kutoka Gura mbegu yao ikaenezwa katika mito mingine. Mwaka wa 1910 akaletwa na ndugu yake, trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Yeye alitoka Afrika Kusini, alikokuwa amekwisha kupandikizwa. Huyu hustahimili maji yenye joto kidogo kuliko yule wa kwanza.

Siwezi kumtaja Grogan kwa mayai tu. Mwezi wa Machi 1907, miaka miwili baada ya kuutia samaki mto Gura, aliwacharaza viboko hadharani Wakikuyu waliokuwa wakivuta rikisho, mbele ya mahakama ya Nairobi, umati wa walowezi ukitazama. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Hospitali ya watoto iliyoko Nairobi yenye jina la mkewe Gertrude ni kazi yake pia. Mtu huyo huyo alijua kulibembeleza yai lisiguswe na joto.

Sasa natufike kwenu, Kajiado. Mwaka wa 1904, mwaka mmoja kabla ya mayai yale kufika, serikali ya Kiingereza ilifanya mapatano na Wamaasai, na Olonana akiwa miongoni mwa waliotia sahihi. Wamaasai waliyaacha malisho yao ya Bonde la Ufa, kandokando ya reli, ili walowezi wapate ardhi. Wengine walipelekwa Laikipia upande wa kaskazini, na wengine upande wa kusini. Mapatano yalisema kwamba yatadumu maadamu Wamaasai wako duniani. Yalidumu miaka saba. Mwaka wa 1911 yalifanywa mapatano mengine, nao watu wa Laikipia wakatakiwa kuhamia kusini. Kufikia 1913 watu wapatao 10,000 walikuwa wamehamishwa, pamoja na ng'ombe wasiopungua 175,000 na kondoo wengi mno, kwenda katika hifadhi ambayo leo imo katika kaunti za Kajiado na Narok. Ole Gilisho, aliyekuwa kiongozi mashuhuri wa Laikipia, alipinga. Kesi ikapelekwa mahakamani, na mwaka wa 1913 ikatupwa, kwa hoja kwamba mapatano yale yalikuwa kama mkataba kati ya mataifa mawili, na mahakama haikuwa na uwezo wa kuyahukumu.

Tazama ramani, ewe msomaji, uone Laikipia ina mito gani. Nanyuki, Burguret, Naro Moru: yote hushuka kutoka Mlima Kenya, baridi na safi, ikaingia Ewaso Nyiro. Hii ndiyo mito ambayo ng'ombe wa Wamaasai walikuwa wakiinywa. Na hii ndiyo ambayo baadaye ilitiwa trauti, ikawa miongoni mwa mito mashuhuri ya wavuvi wa Kizungu. Sisemi kwamba watu waliondolewa kwa ajili ya samaki. La, waliondolewa kwa ajili ya ardhi. Lakini ni kweli kwamba maji yale yalibadilishwa wenyewe katika kipindi kimoja. Samaki mgeni akawekewa sheria ya kumlinda, na kibali cha kumvua, na mfugaji akapelekwa katika nchi ambayo mvua zikikosa mwaka mmoja ng'ombe hulala chini wasiinuke.

Na uvuvi wenyewe ulikuwaje? Usifikiri ni ule wa kutia chambo cha nyungunyungu na kungoja. Trauti wa milimani hula wadudu wa majini na wale waangukao juu ya maji, kwa hiyo mvuvi humdanganya kwa nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyovikwa manyoya ya ndege, nywele za mnyama na uzi, hata ikafanana na mdudu. Katika uvuvi wetu wa pwani kitu kizito ni chubwi, kile kipande cha risasi kifungwacho karibu na ndoana. Hicho ndicho kiurushacho mshipi. Nzi wa bandia ni mwepesi kama unyoya, wala hawezi kurushwa hivyo. Basi mshipi wenyewe ndio uliofanywa mzito, nao hupigwa nyuma na mbele kwa ufito mrefu mpaka unyooke, kisha huachwa ushuke juu ya maji pasipo kishindo. Aijuaye kazi hii hupendeza kumtazama, na asiyeijua hunasa kofia yake mwenyewe.

Vitabu walivyokuja navyo wavuvi wale vilisema mengi juu ya majira ya kuchipua, theluji iyeyukapo huko Ulaya na Amerika na mito ikafurika kwa majuma mengi. Huku hawakuyakuta majira hayo. Theluji ya Mlima Kenya ni chache, haiwezi kuufurisha mto. Kinachofurisha mito yetu ni masika, kuanzia Machi hata Mei, na tena vuli, Oktoba hata Desemba. Wavuvi wakalazimika kujifunza kalenda ya nchi. Walijifunza kwamba miezi ya ukavu ya Januari na Februari maji huwa maangavu, na samaki humwona mtu upesi akakimbia. Na kwamba masika yakikolea mto hugeuka rangi, katikati yake pakawa hapaingiliki. Hapo trauti hashindani na mkondo. Husogea ukingoni kabisa, chini ya mizizi na nyuma ya mawe makubwa, mahali maji yanapotulia, akangoja mto umletee chakula. Mvuvi mwenye busara haingii majini siku hiyo; husimama juu ya ukingo, hutumia nzi mkubwa mweusi aonekanaye katika maji machafu, akamzamisha karibu na miguu yake mwenyewe. Mawe ya mito ile huteleza, na maji yake hushuka kwa kasi, kwa hiyo anayedharau furiko huweza kupoteza zaidi ya samaki.

Mwaka wa 1948 serikali ilijenga kituo cha kuzalishia trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri, na vifaranga wake wakapelekwa mitoni mwaka hata mwaka. Miaka minne baadaye hali ya hatari ilitangazwa, na misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, yenye mito hiyo hiyo, ikawa uwanja wa vita vya Mau Mau. Nchi ikapata uhuru mwaka wa 1963, na trauti wakabaki. Siku hizi hufugwa katika mabwawa karibu na Timau na kwingineko chini ya Mlima Kenya, wakauzwa mahotelini, na watoto wa mababu wasiokula samaki huwala bila shida yoyote. Tishio lao kubwa sasa ni mashamba yaliyopanda mpaka kando ya misitu: kila masika udongo wake hushuka mitoni, na nimekwisha kukuambia udongo hufanya nini juu ya changarawe yenye mayai.

Jambo moja zaidi limezaliwa na historia hii, nalo limesogea karibu nanyi. Kutengeneza nzi wa bandia kumekuwa kazi ya mikono nchini Kenya. Katika karakana za Nairobi na viunga vyake, mafundi, wengi wao wanawake, hukaa mezani mbele ya kijiliwa kidogo kilichoishika ndoana, wakazungusha uzi, wakafunga manyoya, wakakata ncha, kisha wakaanza ndoana nyingine. Nzi hao huuzwa Ulaya na Amerika. Wako miongoni mwao wale wakubwa wanaoiga mdudu wa mito ya magharibi ya Marekani, urefu wake karibu sentimita 5, ambaye hutambaa kutoka majini na kupanda mawe ya ukingoni mnamo Juni, wakati theluji ya milima inapoyeyuka na mito imefura. Wavuvi wa huko humngoja mwaka mzima. Fundi amfungaye mdudu huyo huenda hajapata kumwona trauti, wala mto uliofura kwa theluji. Ajuacho ni mfano aliopewa, na idadi, na siku ya kufunga sanduku. Na sanduku sharti liondoke mapema, ili liwasili kabla theluji ya huko haijaanza kulainika.