Ziwa Ihema na Historia ya Hifadhi ya Akagera

Kiangazi cha Rwanda, yaani miezi ya Juni hadi Agosti ambayo Wanyarwanda huiita impeshyi, ni kipindi ambacho wakazi wa Kigali wenye nafasi hufunga safari ya kuelekea mashariki, jirani na mpaka wa Tanzania, ili kushinda kutwa kando ya Ziwa Ihema katika Hifadhi ya Taifa ya Akagera. Mapumziko hayo ni matunda ya mvutano mrefu juu ya ardhi, kwa kuwa katika nchi ndogo yenye watu wengi, kila eneo linaloachiwa wanyamapori huwa limemkosesha mkulima shamba au mfugaji malisho.

Hifadhi hiyo iliasisiwa mwaka 1934 na utawala wa kikoloni wa Ubelgiji, ikapewa jina la mto Akagera, ujulikanao Tanzania kama Kagera, ambao hufuata mpaka wa nchi hizo mbili na kulisha mlolongo wa maziwa na vinamasi vilivyojaa mafunjo. Ihema ndilo ziwa kubwa kuliko yote yaliyomo hifadhini. Wakati huo hifadhi ilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 2,500, na wanyama waliokosekana au kupungua waliongezwa kutoka kwingineko: faru weusi waliletwa kutoka Tanzania mwaka 1957, na mwaka 1975 ndovu wachanga 26 wakahamishwa kutoka Bugesera, kusini mwa Kigali, ambako mashamba yalikuwa yakienea na kuwazibia njia.

Vita vilivyoanza mwaka 1990 na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 vilibadili hali hiyo. Wakimbizi waliokuwa wameishi uhamishoni tangu mwaka 1959, hasa Uganda na Tanzania, walirejea na mifugo yao bila kuwa na pa kuichunga, hivyo mwaka 1997 Serikali ikamega zaidi ya nusu ya hifadhi ili kuwapatia makazi na malisho, na eneo lililobaki likawa takribani kilomita za mraba 1,100. Katika sehemu iliyobaki ujangili, yaani uwindaji haramu, uliendelea; simba walitiwa sumu na wafugaji waliokuwa wakilinda ng'ombe wao hadi wakatoweka, na faru wa mwisho alionekana mwaka 2007.

Mwaka 2010 Bodi ya Maendeleo ya Rwanda iliingia ubia na African Parks, shirika lisilo la kiserikali linaloendesha hifadhi kwa niaba ya serikali za Afrika. Uzio wa umeme wenye urefu wa kilomita 120 ulikamilika mwaka 2013 upande wa magharibi, ukazuia wanyama kuvamia mashamba na mifugo kuingia hifadhini. Ndipo simba saba wakaletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, wakifuatiwa na faru weusi mwaka 2017. Mwaka huohuo sehemu ya mapato ya utalii inayotengwa kwa jamii zinazopakana na hifadhi za taifa iliongezwa kutoka asilimia 5 hadi 10, nayo hugharimia miradi ya maendeleo kama vile shule na vituo vya afya.

Mgeni wa leo hunufaika na mambo hayo yote kwa siku moja. Madimbwi ya mvua yanapokauka wakati wa kiangazi, wanyama husogea kwenye maziwa, hivyo huonekana kwa urahisi zaidi. Na kwa kuwa Ihema lina viboko na mamba wengi, hakuna anayeoga humo, bali wageni hupanda mashua wakiwa na mwongozaji na kutazama ndege wa majini kando ya mafunjo.

Simba na faru wa Akagera walitoweka baada ya hifadhi kumegwa, ilhali leo wote wawili wamerejeshwa katika eneo hilohilo lililopungua. Usalama wa hifadhi, basi, hutegemea zaidi maelewano na majirani kuliko upana wa mipaka, na maelewano hayo yatadumu kadiri wananchi wanaopakana nayo watakavyoendelea kupata haki yao.