Nani Amlipe Daktari?

Ndugu msomaji, leo tutazame jambo linaloonekana dogo. Mtu akiumia kazini, naye akadai fidia, ni nani amlipe daktari wa kumpima? Daktari ndiye asemaye kama mkono umepona au haujapona. Neno lake huweza kumpa mtu riziki au kumnyima.

Twende kwanza Uingereza, mwaka 1897. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi wa reli, viwanda, migodi na kazi nyingine za hatari. Zamani mfanyakazi alipaswa kuthibitisha kwamba tajiri wake alikuwa na kosa. Sasa aliondolewa mzigo huo. Asiyeweza kufanya kazi alipewa hadi nusu ya ujira wake kila juma, lakini isizidi pauni 1.

Hata hivyo, palikuwa na sharti. Tajiri aliweza kumtaka mfanyakazi apimwe na daktari aliyechaguliwa na kulipwa na tajiri mwenyewe. Mfanyakazi akikataa, haki yake ilisimamishwa mpaka akubali. Sisemi kwamba madaktari wale walikuwa waongo. Lakini wazee wetu walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Watunga sheria waliliona jambo hilo. Kwa hiyo waliweka daktari mwamuzi, aliyeteuliwa na Serikali na kulipwa kwa fedha za umma. Cheti chake juu ya hali ya mgonjwa kilikuwa neno la mwisho. Je, ilikuwa rahisi kumfikia? Sheria ya mwaka 1906, iliyoeneza fidia kwa wafanyakazi wengi zaidi, ilitaka pande zote mbili ziombe pamoja na kulipa ada isiyozidi pauni 1. Fikiri, msomaji! Ada hiyo iliweza kufikia upeo wa fidia ya juma zima. Na tajiri asipokubali kuomba, shauri lilibaki mahakamani, kila upande na daktari wake. Mwenye mfuko mwepesi angemleta daktari gani?

Mwaka 1946 Bunge lilibadili mpango, na sheria mpya ilianza kazi tarehe 5 Julai 1948. Fidia ikatoka katika mfuko wa taifa uliochangiwa na matajiri, wafanyakazi na Serikali, na majopo ya madaktari yaliyowekwa na Serikali yakapima ulemavu.

Tanganyika nayo, chini ya Waingereza, ilipata sheria ya fidia iliyomtwika tajiri malipo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na waajiri.

Basi tushike fundisho hili: haki isiyo na fedha ya kuithibitisha ni jembe lisilo na mpini.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini daktari wa tatu alihitajika?
2. Ada ya pauni 1 ilimwumiza nani zaidi, na kwa sababu gani?