Mwaka 1966: Washoe aenda Nevada, wenzake waja Rubondo

Ukitoka Kalangalala, hapa Geita mjini, ukateremka hadi mwalo wa Nkome, boti hukuvusha hadi Kisiwa cha Rubondo. Msitu wa huko una sokwe ambao wazee wao walikuja kwa meli kutoka Ulaya. Kati ya 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek na shirika la wanyama la Frankfurt walileta sokwe wapatao 16, waliotoka kwenye bustani za wanyama na sarakasi. Wengi walikuwa wamekamatwa utotoni Afrika Magharibi. Waliachiwa bila mafunzo yoyote. Wakajitafutia matunda, wakajenga viota, wakazaa.

Mwaka huohuo wa 1966, sokwe mwingine wa Afrika Magharibi alipelekwa njia ya kinyume. Washoe, jike mchanga, alichukuliwa na watafiti Allen na Beatrix Gardner huko Reno, Nevada, akalelewa kama mtoto wa nyumbani. Kwa kuwa sokwe hawezi kutamka maneno yetu, walimfundisha Lugha ya Alama ya Marekani. Alifikisha alama zipatazo 130. Siku alipomwona bata maji akaonyesha "maji" kisha "ndege", wengi waliamini ukuta wa lugha kati ya binadamu na wanyama umebomoka.

Herbert Terrace wa Chuo Kikuu cha Columbia naye aliamini. Alianza kumfundisha sokwe Nim mwaka 1973. Lakini alipozitazama upya filamu za masomo, aliona jambo lililompita darasani: mara nyingi mwalimu alitangulia kuonyesha alama, Nim akafuatisha, tena kwa kutaka chakula au mchezo. Mwaka 1979 alitangaza kwamba alama za Nim hazikuwa sentensi. Wapo waliompinga vikali, mimi namkubali. Mtoto kiziwi anayetumia Lugha ya Alama ya Tanzania huuliza, husimulia ya jana, hubisha. Hiyo ni lugha kamili, ina sarufi yake. Sokwe walijifunza alama, lugha hawakujifunza.

Ila wana mawasiliano yao wenyewe. Mahale, mkoani Kigoma, mtafiti Toshisada Nishida alieleza mwaka 1980 jinsi dume anavyochana jani kwa meno ili mlio umvute jike. Msituni Budongo, Uganda, Catherine Hobaiter na Richard Byrne wameorodhesha ishara zaidi ya 60: nipe, acha, nifuate, nichambue manyoya. Hakuna binadamu aliyewafundisha.

Washoe alikufa mwaka 2007 huko Ellensburg, Marekani, mbali na msitu alikozaliwa. Uzao wa wale wa Rubondo ungali kisiwani.